Mwaka Niliojifunza Kufungua Tangi

Bi Zuhura alizikwa Ijumaa. Wanaume walipokwisha kumbeba kwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki uani kwake, mtaa wa Mirongo, tumekaa kwenye mikeka, na mimi nikajikuta nimekaa pale pale palipokuwa na mlango wa chumba changu. Siku hizi mlango haupo. Wajukuu wamebomoa ukuta, wamepanua sebule, wameweka vigae vinavyoteleza. Nyumba ile nilipanga mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini. Nyumba nyingine nimekaa miaka mingi zaidi, moja nimezalia watoto humo, lakini nikiota niko nyumbani basi ni uani kwa Bi Zuhura, na pua yangu inanusa udi na petroli kwa pamoja, harufu mbili ambazo, kama nitakavyoeleza, hazitakiwi kukutana.

Habari za ukoo wetu na za kule Majita nitaziruka, maana hazina tofauti na za watu wengine wa pwani ya ziwa. Itoshe kusema niliteremka basi pale Buzuruga na begi moja, na baada ya kuhangaika nikapata kazi kwenye kituo cha mafuta, kando ya barabara inayoteremka kwenda kwenye kivuko cha Kamanga. Tulikiita sheli, kama watu wanavyoita kila mahali panapouzwa petroli, bango liwe limeandikwa jina lolote. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Bundala, Msukuma mrefu aliyewahi kuendesha malori ya pamba, na ovaroli lake la bluu lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama kama ya suruali ya harusi. Wengine wangekwambia kazi ya sheli ni kuuza mafuta. Kwa Mzee Bundala kazi ilikuwa mfuniko wa tangi. “Kumimina petroli hata mbuzi anaweza,” alisema. “Akipiga teke ndoo, si amemimina? Mfuniko ndio wenye kazi.”

Wiki yangu ya kwanza sikugusa bomba. Alinisimamisha nyuma ya pikapu lake bovu, juani, nifungue mfuniko na kuufunga, kuufungua na kuufunga, huku akinitazama kama mwalimu wa madrasa anavyomtazama mtoto anayesoma herufi. Siku ya joto, alinifundisha, tangi hujaa mvuke, na ukilifungua kwa pupa linakutemea usoni. Kwa hiyo zungusha nusu, kisha acha. Sikiliza. Utasikia fyuuu. “Linapumua hilo. Mwache mwenzako amalize kupumua ndipo umwulize habari za nyumbani.” Fyuuu ikiisha, ndipo ufungue mpaka mwisho. Usijaze mpaka mdomoni, kwa sababu petroli nayo hutaka nafasi ya kujinyoosha. Ukimaliza, zungusha mfuniko mpaka ulie tik. Haujalia, hujafunga. Na kabla ya yote hayo gari lizimwe, sigara ikae mbali, na mtu wa pikipiki ateremke yeye na mzigo wake, hata kama mzigo wenyewe ni mama mkwe.

Nilijifunza haraka, isipokuwa jambo moja: sauti. Nilikuwa msichana wa kunong’ona. Gari likiingia linanguruma, nilisogea dirishani na kusema, “Samahani kaka, naomba uzime,” kwa sauti ya mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani. Dereva hakusikia, au alisikia akaona si lazima. Ndipo kutoka pampu ya pili Mzee Bundala alipopaza sauti: “Zima gali!” Herufi r haikuwahi kukaa kwenye ulimi wake, lakini sauti ilikaa. Hata waliokuwa wanapita zao barabarani walizima. “Ng’wanawane,” aliniambia siku moja, neno lao la kumwita mtoto, “sauti yako hiyo ni ya kuombea maji ya kunywa. Hapa tunawaomba watu wasife.”

Sijui kama vijana wa leo watanisadiki nikieleza vitu nilivyokuta kwenye matangi ya magari mwaka ule. Mfuniko ukipotea, watu hawakununua mwingine. Waliziba kwa mfuko wa plastiki na mpira, waliziba kwa soksi, teksi moja iliziba kwa kiazi kitamu kilichochongwa vizuri sana, na pikapu za kutoka Magu ziliziba kwa gunzi la mahindi. Gunzi Mzee Bundala alilivumilia kwa shida. Tambara hakulivumilia kabisa. Akiona tambara limechungulia kwenye mdomo wa tangi, aliita wafanyakazi wote tuje tulione. “Hiki ni nini?” alimwuliza dereva. “Kitambaa, mzee.” “Hapana. Huu ni utambi. Umetengeneza kibatari, umekifungia matairi, sasa unakiendesha mjini na watoto wa watu.” Na wale waliokuwa na mifuniko yao kamili walikuwa na tabia ya kuisahau. Waliiweka juu ya paa la gari wakati wa kujaza, wakaondoka, nayo ikadondoka mbele kidogo kwenye kona. Tuliiokota na kuitia kwenye ndoo. Mwenye mali alikuja kesho yake, akainama kwenye ndoo, akachagua mzuri kuliko wake.

Jioni nilipanda kwa miguu kurudi Mirongo, na hapo ndipo nilipokutana na msimamizi wangu wa pili. Bi Zuhura alikuwa mjane, mtu wa mjini kabisa, mama yake Mhaya na baba yake wa asili ya Manyema, lakini ukimwuliza kabila alijibu, “Mirongo.” Asubuhi alipika vitumbua vya kuuza, mchana alitengeneza udi wa maharusi. Akisikia ndala zangu mlangoni, alipiga kelele kutoka jikoni: “Simama hapo hapo, bomu!” Nami nilisimama. Hakuniruhusu kuvuka kizingiti na nguo za kazi. Alikuja na kanga, akanishikia kama pazia karibu na bafu, nikavua, nguo zikaenda kuanikwa kwenye waya wa mwisho kabisa, nyuma ya choo, zipungwe na upepo. “Mimi nina moto humu ndani, Nyangeta,” alisema kila siku, kama vile jana hakusema. “Nina jiko, nina chetezo cha udi, nina wajukuu. Petroli haina udugu na mtu.” Nikishaoga alinisogelea, akanusa nywele zangu, na nikifaulu ndipo aliposema, “Haya, shikamoo yako iko wapi?” “Shikamoo, Bi Zuhura.” “Marahaba, mwanangu. Njoo ule.”

Na tulikula. Wengine walipewa wali, mimi alinisongea ugali wa muhogo kwa sababu aliamini Mjita hashibi wali, anajionea huruma tu. Samaki aliwagawa mwenyewe, kila mtu na kipande cha heshima yake. Kipande changu kilikuwa cha mkiani. Baada ya kula kila mtu aliingia kwake, lakini kuta za nyumba ile zilikomea njiani, hazikufika kwenye bati, kwa hiyo niliyasikia yote yaliyosemwa chumbani kwa Bi Zuhura na wageni wake. Nilisikia ndoa za watu zikivunjwa na kuunganishwa tena kabla ya chai kwisha. Siku moja nilisikia habari zangu. “Yule mpangaji wako,” mgeni alisema, “ananuka kama lori.” Kisha Bi Zuhura akasema, “Ananuka, ndiyo. Lakini ana adabu. Nitajie lori lenye adabu.” Nililala nimefurahi sana.

Karibu na mwisho wa mwaka alipata harusi. Mwanahawa, binti wa kaka yake, aliolewa na kijana wa Sengerema aitwaye Rashidi, ambaye Mwanahawa alikuwa amemwona mara chache, tena mbele ya wazee. Mpango ulikuwa hivi: ndoa ifungwe Mirongo asubuhi, kisha bibi harusi apakiwe garini, msafara uteremke kivukoni, wavuke kwenda Kamanga, na kutoka hapo waende kwa mume. Bi Zuhura alikuwa ndiye msimamizi wa bibi harusi, mwenye amri ya kila kitu kuanzia hina mpaka udi. Mimi nilikosa ruhusa ya kazi siku hiyo, naye alikasirika. “Nenda kwenye mapampu yako,” aliniambia alfajiri. “Sisi tutaolewa bila wewe.”

Joto la siku ile lilikuwa la kupasua mawe. Saa sita mchana nikasikia tarumbeta zinashuka, na gari la bibi harusi likaingia kwenye pampu yangu likinguruma, limefunikwa maua ya karatasi. Madirisha ya nyuma yalizibwa kwa kanga ili watu wasimwone biarusi, kwa hiyo nami sikuona ndani. Dereva alikuwa Idi, mdogo wake bwana harusi, amevaa kanzu nyeupe pee. “Dada, haraka! Kivuko kinaondoka.” Kwa kweli honi ya kivuko ilikuwa imeshalia. “Naomba uzime gari, kaka,” nikanong’ona. “Nikizima haliwaki, betri imechoka.” Nilitazama pampu ya pili, lakini Mzee Bundala alikuwa ameinama chini ya lori. Nikasimama tu, mikono nyuma. Sikujua njia nyingine ya kubishana. Tukatazamana, tarumbeta zinalia, mpaka Idi akazima gari kwa hasira na kuteremka kunisimamia.

Nilizungusha mfuniko nusu. Fyuuu. Tangi lile lilipumua kama mzee aliyepanda kilima cha Bugando kwa miguu. “Mbona umeacha?” Idi akauliza. “Linapumua.” “Linapumua?” akasema, kisha akapitisha mkono mbele yangu na kuufungua wote kwa mara moja. Petroli ilimrukia kifuani. Kanzu ikamgandia, akabaki amefungua kinywa. Na wakati huo huo kanga ya dirishani ikasogezwa, wingu la moshi likatoka, na baada ya wingu ukatoka mkono uliojaa bangili za dhahabu, umeshika chetezo chenye makaa. Nyuma ya mkono niliuona uso wa Bi Zuhura, umepakwa wanja, unatabasamu. “Kumbe ni wewe! Nyangeta mwanangu, nipulizie hili kaa, linataka kufa.”

Mpaka leo nikisimulia watu hucheka hapo, na mimi hucheka nao. Lakini siku ile niliona mambo matatu yamesimama hatua chache kutoka kwangu: tangi wazi, mtu aliyelowa petroli, na yule mwanamke aliyeninusa nywele kila jioni kwa kuogopa cheche, amebeba jiko zima mkononi na anaomba nilichochee. Kisha nikasikia mtu anapiga kelele, sauti nene, ya kutisha, inayotoka tumboni: “Mtu asiguse kitu! Kaka, rudi nyuma! Nyuma! Asiwashe mtu gari!” Nilidhani ni Mzee Bundala. Ilikuwa ni mimi. Tarumbeta zilinyamaza. Nikaurudisha mfuniko, nikauzungusha mpaka ulipolia tik, nikaikimbilia ndoo nyekundu ya mchanga, nikarudi. “Bi Zuhura, shikamoo, unisamehe,” nikasema, na nikamwaga ndoo yote. Mchanga ulizima kaa. Vilevile ulijaza chetezo alichorithi kwa mama yake, ukajaza bangili, ukajaza mapaja yake, na uliobaki ukamwangukia biarusi kwenye viatu.

Kisha wote wakasema kwa pamoja. Mzee Bundala alifika mbio, akanusa hewa mara moja tu, akamshika Idi shingoni na kumpeleka bombani, akamvua kanzu mbele ya msafara mzima, akammwagia maji, na kwa kuwa hakukuwa na nguo nyingine, akavua ovaroli lake lenye mikunjo na kumvisha. Yeye akabaki na kaptula na fulana. Wanawake waliteremshwa wakasimama mbali. Mimi, kwa ile sauti mpya ambayo sikujua jinsi ya kuizima, niliwaamuru wanaume walisukume gari litoke sheli. Bwana harusi akashuka kwenye gari la nyuma, akakunja joho, akaweka kilemba juu ya pampu, akasukuma pamoja nao. Walipolifikisha barabarani wanawake wakapanda, mteremko ukalichukua, likawaka mbele kule karibu na kona, na kivuko wakakiwahi. Petroli hawakuwa wamepata hata tone. Jambo hilo hakuna aliyelikumbuka, wala mimi.

Nilijua nimepoteza vitu viwili, kazi na chumba. Familia ya Idi ilimtumia bosi, mwenye sheli, malalamiko kuhusu kanzu na kuhusu msichana aliyewamwagia watu mchanga siku ya furaha yao, na bosi akasema atakuja mwenyewe kuwaona wazee wa harusi kabla hajaamua. Nyumbani, Bi Zuhura aliporudi kutoka Sengerema, hakuniita bomu. Hakuniita chochote. Nilisimama kizingitini jioni ya kwanza, nikangoja kanga, haikuja. Nilivua nguo peke yangu nyuma ya mlango wa bafu, nikala mkate na chai chumbani, nikasikia sahani zikilia uani. Hakuna ukali unaouma kama wa mtu aliyekuzoesha kukugombeza.

Lakini ukuta ulikuwa bado haujafika kwenye bati. Usiku huo wageni walikuja kusikia habari, na nikamsikia akisimulia: “Yule mtoto akanimwagia mchanga kama ananizika!” Wakasikitika naye. Kesho yake walikuja wengine, na hadithi ikawa imebadilika kidogo: “Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwa na wasiwasi na lile kaa, nikamwonyesha yule mtoto.” Keshokutwa: “Nikasema, jamani, hapa ni sheli, hapa petroli!” Kufikia Jumapili niliketi kitandani, mikono kinywani, nikimsikia akisema, “Nikamwambia Nyangeta, mwanangu, usiogope, lete mchanga! Mwaga! Mwaga hapa hapa, hata kama ni juu yangu!” Wageni walipiga kigelegele. Na lazima niseme aliisimulia vizuri sana. Kwa kitambo hata mimi nilimwamini.

Bosi alikuja Mirongo kwa Bi Zuhura siku iliyofuata, akakaribishwa kahawa, nami nikaambiwa nisubiri chumbani. Alipewa hadithi ya Jumapili, pamoja na nyongeza. Alipotoka alinikuta mlangoni, uso umemng’aa. “Binti,” akaniambia, “shukuru Mungu unaishi na mtu mwenye akili. Endelea na kazi, na umsikilize huyu mama.” Nikasema nitamsikiliza. Kurudi sheli, nilimweleza Mzee Bundala jinsi Bi Zuhura alivyoiokoa sheli. Nilitegemea atakasirika kwa niaba yangu. Alifikiri sana, akauliza, “Na ovaroli langu hakulitaja?” Ovaroli lilikuwa bado liko Sengerema, na kwa habari nilizo nazo halikuvuka tena ziwa.

Jioni ile nilipofika kizingitini nilisikia, “Simama hapo hapo, bomu!” na kanga ikaja. Nilioga, nikanuswa, nikaamkia. Kisha Bi Zuhura akagawa samaki, na kwenye sahani yangu akaweka kichwa cha sato, kizima, na macho yake. Kwetu kichwa hapewi mtoto. Alijua hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemweleza. Hakusema neno wala hakunitazama, akaendelea kugawa. Nikala mpaka mfupa wa mwisho, nami sikusema neno. Watu wengi tangu hapo wamewahi kuniomba radhi kwa maneno mazuri. Maneno yao nimeyasahau.

Basi Ijumaa hii, wanaume walipokuwa bado makaburini, mjukuu mmoja alianza kuwasimulia wenzake jinsi bibi alivyoiokoa sheli kwa kuamuru amwagiwe mchanga. Niliinamisha kichwa. Mwanahawa alikuwa amekaa karibu yangu, mwanamke mnene sasa, mwenye wajukuu wake, amekuja kutoka Sengerema kumzika shangazi. Aliinamisha kichwa pia, na nikaona mabega yake yanatikisika. Watu wakadhani analia. Nikamshika mkono tukaenda nyuma, kwenye masufuria ya pilau, tukacheka mpaka tukashikilia ukuta.

“Unajua mafuta yalituishia?” akaniambia alipopata pumzi. “Hatujafika mbali. Tumetoka tu kivukoni upande wa Kamanga, gari likakohoa, likafa.”

“Mungu wangu. Mkafanyaje?”

“Rashidi akasukuma. Idi na lile ovaroli naye akasukuma. Shangazi amekaa ndani, mchanga umemjaa kila mahali, amesusa. Mimi nimefunikwa, nasikia tu sauti za wanaume. Na nikwambie kitu, Nyangeta. Asubuhi ile nilikuwa nimelia mpaka nimekauka. Nilimwogopa yule mtu. Nilikuwa simjui hata kucheka kwake kukoje. Sasa nikamsikia huko nyuma anacheka. Anasukuma, anateleza, anacheka mwenyewe. Nikafungua mlango.”

“Na hina yako?”

“Na hina yangu. Shangazi akanivuta nguo, nikamponyoka. Nikaenda nyuma, nikaweka mikono kwenye gari kando ya mikono yake. Akanitazama, akasema, ‘Sukuma kwa miguu, si kwa mikono.’ Ndilo neno la kwanza alilonambia tukiwa bila wazee.” Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akachungulia kama wanaume wamerudi. “Mirongo nilifungishwa ndoa. Lakini nilipoolewa ni pale, nyuma ya lile gari.”